Mchagua Jembe na Mchagua Trekta

Wahenga walisema, "Mchagua jembe si mkulima." Neno hili ni kweli kwa jembe la mkono, kwani jembe moja halipitani sana na jingine, na anayesitasita dukani huachwa na mvua. Lakini siku hizi wakulima wa tambarare zetu za Same, toka Makanya na Hedaru mpaka Kisiwani na Ndungu, hushauriana juu ya kununua trekta kwa shirika, nami nimesikia wengine wakisema, "Tununue lililo kubwa kuliko yote." Kwa ajili yao napenda kusimulia habari za Kongwa.

Katika mwaka 1946, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, Uingereza ilipungukiwa sana na mafuta ya kula. Serikali yake ikatuma wajumbe watatu, mkuu wao akiwa Bwana John Wakefield. Wakazunguka Afrika ya Mashariki kwa muda wa majuma tisa tu, safari nyingi kwa ndege, wakarudi na shauri la kulima karanga katika ekari zaidi ya 3,000,000, sehemu kubwa katika Tanganyika. Kongwa, katika nchi ya Wagogo, ikachaguliwa kuwa mahali pa kuanzia.

Kazi ya kwanza ilikuwa kusafisha pori. Matrekta mapya hayakupatikana upesi, basi yakanunuliwa mengi yaliyoachwa na majeshi ya Marekani huko Ufilipino, nayo yalikuwa yamekwisha kuchoka. Kiwanda cha Vickers nacho kiligeuza vifaru vya vita vya Sherman kuwa matrekta. Mashine hizo zilikuwa na nguvu za kutisha, lakini hazikuifaa kazi ile. Mizizi ilivunja vyuma. Mvua zilipokwisha, udongo ulikauka ukawa kama saruji, na mchanga wake ukazila plau. Vipuri vilikuwa mbali, na mafundi wachache. Mwaka 1947 ilikusudiwa kusafisha ekari 150,000. Zilizopatikana hazikufika hata sehemu ya kumi. Kisha ukaja ukame, ambao Wagogo waliujua tangu zamani. Mwezi wa Januari 1951 shauri lote likaachwa, na hasara yake ilikuwa kama pauni milioni 36.

Ndugu wasomaji, tuangalie kosa lilikuwa wapi. Halikuwa uhaba wa fedha, wala uhaba wa nguvu. Mashine zilichaguliwa kabla ya ardhi kujulikana.

Mwaka ule ule wa 1946, kule Coventry katika Uingereza, palianza kutengenezwa trekta dogo la Bwana Harry Ferguson, mtu wa Ireland. Uzito wake ulizidi tani moja kidogo tu. Lakini plau yake haikukokotwa nyuma kwa mnyororo. Ilishikwa kwa mikono mitatu na kuinuliwa kwa nguvu ya mafuta, na uzito wa kazi ukakandamiza magurudumu ya nyuma yasiteleze. Hivyo trekta jepesi lililima vizuri. Mpaka 1956 yalikwisha kutengenezwa zaidi ya 500,000, na mikono ile mitatu imo katika karibu matrekta yote ya leo.

Basi, turudi kwetu Upare. Milimani, kama Suji na Mamba, mteremko ni mkali; huko trekta hupinduka na kuua, nasi tutaendelea na jembe, matuta na maji ya ndiva. Tambarareni mvua ni chache, na siku za kulima zahesabika. Huko trekta lina faida. Lakini kwa mashamba ya kikundi cha kijiji, trekta la kadiri, lenye nguvu za farasi 50 mpaka 75, latosha. Litavuta plau ya sahani, ambayo huviringika juu ya mizizi badala ya kunaswa nayo. Litazungusha pia mashine ya kufyekea, ikate vichaka na miiba. Ila tusilitume kung'oa migunga mikubwa. Visiki ving'olewe kwanza kwa shoka na sururu, tusije tukavunja kwa siku moja kitu tulichokichangia miaka mingi.

Kabla ya kutoa fedha, tujiulize maneno manne. Shamba letu ni ekari ngapi, na udongo wake ni wa namna gani? Vipuri vyapatikana Same au Moshi, au mpaka viagizwe mbali? Nani ataliendesha, naye amefundishwa na nani? Na fedha za dizeli na matengenezo zitatoka wapi mwaka wa njaa? Kikundi kisichoweza kujibu hayo heri kikodi trekta kwa msimu mmoja, kikijifunza.

Watu wa Kongwa walinunua kwanza, wakapima baadaye. Sisi tupime shamba kwanza, ndipo twende dukani.