AC ya Kugusa: Soma Hii Kabla Ununue Vezel ama Fit

Cheki hii. Umetoka Thika jioni, mko watano ndani ya ndai, na mvua imeanza kumwagika hapo Juja. Mkifika Ruiru kioo cha mbele kimejaa ukungu, hata taa za mathree iliyo mbele yako huzioni poa. Unanyoosha mkono uwashe difrosta. Batani hakuna. Kuna paneli nyeusi tu, laini kama simu, na kidole hakiwezi kujua kiguse wapi mpaka uangalie. Na ukiangalia hapo, barabara hauioni.

Hiyo ndio noma ya AC za kugusa. Kama unajipanga kununua gari la kwanza, soma hii kabla utume doh.

Ziko kwa ndai gani?

Kuanzia Kiuu mpaka Makongeni, utazipata sana kwa Honda. Vezel ya kizazi cha kwanza (2013 hadi 2021) na Fit ya kizazi cha tatu (2013 hadi 2020), nyingi zina hiyo paneli. Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, so hizo za miaka ya mwisho mwisho ndizo bado zinashuka Mombasa kutoka Japani.

Kumbe Honda wenyewe walirudi nyuma. Fit ya 2020 ilikuja na vile vidude vya kuzungusha. Takeki Tanaka, aliyeongoza mradi huo, aliambia jarida la Autocar la Uingereza kwamba walitaka dereva asisumbuliwe akiwa anaendesha.

Sekunde tatu ni kitu gani?

Piga hesabu. Ukiwa kwa 80, gari linakula mita 22 kila sekunde. Ukiangalia paneli sekunde 3 tu, umeenda mita 66 bila kuona mbele. Panga mathree zaidi ya 10 za abiria 14, moja nyuma ya nyingine, hiyo ndio distansi umepita ukiwa kipofu. Kwa Thika Road, mahali watu huvuka chini ya daraja badala ya kupanda juu, hiyo si mchezo.

Mwaka 2022 jarida la Uswidi, Vi Bilägare, lilijaribu hii kitu kwa kasi ya 110. Madereva walipewa kazi nne, kama kuongeza joto na kubadilisha stesheni ya redio. Volvo V70 ya 2005, yenye batani za kawaida, ilimaliza kwa sekunde 10 na mita 306. MG Marvel R ya skrini ilichukua sekunde 44.9. Hapo ilikuwa imesonga mita 1,372. Gari mzee lilichapa gari mpya, wazi.

Volkswagen nao walipata joto. Golf ya 8 ilikuja na sehemu ya kutelezesha kidole kupandisha joto, na usiku haikuwa hata na taa. Wateja wakalia. Mwaka 2025 mkuu wao wa usanifu, Andreas Mindt, akasema batani za vitu muhimu zinarudi. Na hapa kwetu? Polo Vivo iliyoanza kuunganishwa pale Thika mwisho wa 2016 ina AC ya kuzungusha. Ile ya bei nafuu ndio rahisi kutumia.

Kama tayari unayo, fanya hivi

1. Panga AC kabla utoke parking. Weka AUTO, digrii 22, na uiachie kazi.

2. Jua alama. Kioo cha mbele ni umbo lililojipinda na mishale mitatu ya kupanda. Cha nyuma ni mstatili. Zikariri gari likiwa limesimama.

3. Ukungu ukiwa ndani ya kioo, washa AC, ongeza joto, elekeza hewa juu na uzime ile ya kuzungusha hewa ndani. Usizime AC ukidhani baridi ndio inaleta shida. AC ndio hukausha hewa.

4. Ukungu ukiwa nje, kama vile Mombasa usiku, washa waipa na upunguze baridi.

5. Kama uko na mtu hapo mbele, mwambie akubonyezee. Kama uko solo na huoni, ingia kando mahali salama kwanza.

Ukienda yadi

Usicheki rimu na muziki pekee. Kaa kwa kiti cha dere, gari likiwa limesimama, ufunge macho na ujaribu kuwasha difrosta. Kama kidole kimefika, hiyo ndai iko sawa. Kama kimepotea, jua usiku wa mvua pale Githurai utakuwa unatafuta hivyo hivyo, na mathree iko mbele yako.