Mwandani Anapogeuka Nguli

Wasomaji wa riwaya za Muhammed Said Abdulla wanamjua Najum, mwandani wa Bwana Msa. Kazi ya mhusika wa aina hii ni kumsindikiza nguli. Je, akikabidhiwa riwaya yake mwenyewe, ataweza kuibeba?

Robert Crais wa Marekani alilijaribu jambo hili polepole. Katika The Monkey's Raincoat (1987), alituletea Elvis Cole, mpelelezi wa Los Angeles. Cole hujisimulia mwenyewe, tena ni mcheshi, maneno hayamwishi. Kando yake yuko Joe Pike, polisi wa zamani mwenye miwani ya jua na tatuu za mishale myekundu mabegani. Huyu hasemi. Basi tukamjua kwa macho ya Cole.

Mwaka 1999, katika L.A. Requiem, Crais aliufungua mlango kidogo, tukaona utoto wa Pike mikononi mwa baba mkatili. Miaka minane baadaye, katika The Watchman (2007), Pike akashika usukani, Cole akawa msaidizi.

Mtego ulikuwa hapo. Bubu wa hiari ukimpa nafsi ya kwanza, utamlazimisha kupayuka, na siri yake imekwisha. Crais akatumia nafsi ya tatu. Tunamwona Pike akimlinda binti wa kitajiri anayewindwa, lakini ukimya wake haukuguswa.

Waandishi chipukizi, kabla ya kumpandisha cheo mwandani, jiulizeni kwanza: nani atamsimulia?