Wakala wa Bima na Sheria Iliyompita Kando

Huko Matisi, pembezoni mwa Kitale, wakala wa bima ya maisha humtafuta mwalimu kabla ya mkulima. Malipo ya mwalimu hukatwa kwenye mshahara kila mwezi. Mkulima wa mahindi huwa na pesa baada ya mavuno, na wakati wa kupanda hana kitu. Bima ya mkulima ikikatika mapema, mara nyingi kampuni humdai wakala arudishe kamisheni ambayo alishaitumia. Kipengele hicho kimo mkatabani, na mkataba uliandikwa na kampuni.

Mambo hayo hayakuanza jana. Kampuni ya bima ya Jubilee ilianzishwa Mombasa mwaka 1937. Serikali ikaunda Kenya National Assurance mwaka 1964, na mwaka uliofuata ikaja British-American, ambayo mawakala wake walipita nyumba kwa nyumba wakiuza bima na kukusanya malipo. Wao na mawakala wenzao walitawaliwa na sheria ya mikataba ya Uingereza, iliyopokewa Kenya mwaka 1961: ukishatia sahihi, umejifunga.

Sheria ya Bima, Sura ya 487, ilipitishwa mwaka 1984 na kuanza kutumika 1987. Inamtaja wakala kama mtu asiye mwajiriwa wa mshahara wa kampuni, anayeitafutia biashara kwa kamisheni. Inamtaka awe na leseni, ihuishwe kila mwaka. Mteja analindwa asidhulumiwe na wakala, nayo kampuni inalindwa fedha zake zisipotee njiani. Wakala mwenyewe asidhulumiwe na kampuni? Hapo sheria haina la kusema, na sidhani ni kwa bahati mbaya, kwani maneno "asiye mwajiriwa" yalishamweka nje ya mlango. Uzito wa maneno hayo huonekana kampuni inapofilisika, kama Kenya National ilivyoanguka mwaka 1996: mshahara wa mwajiriwa hutangulizwa kwa kiwango fulani, lakini kamisheni ya wakala hupanga foleni na madeni ya kawaida.

Mwaka 2007 ungeweza kubadili mambo. Mamlaka ya Kudhibiti Bima ilianza kazi, na Bunge likapitisha Sheria ya Ajira, inayomtaka mwajiri atoe sababu na amsikilize mtu kabla ya kumfukuza. Zote mbili zilimpita wakala kando.

Ujerumani ilichukua njia nyingine tangu 1953. Mkataba ukivunjwa bila kosa lake, wakala wa bima anaweza kudai fidia kwa wateja aliowaachia kampuni, hadi kiasi cha kamisheni ya miaka 3. Uingereza ilikuwa kali zaidi: katika kesi ya Massey dhidi ya Crown Life, meneja wa tawi la kampuni hiyo ya bima aliyekubali kuitwa mtu wa kujitegemea alishindwa alipodai kwamba alifukuzwa isivyo haki.

Huku Kenya, Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi, ambayo ina kituo Bungoma, haiishii kwenye jina lililoandikwa juu ya mkataba. Hutazama nani aliyepanga saa za kazi, nani aliyetoa ofisi na vifaa, na kama mtu aliruhusiwa kuuza bima za kampuni nyingine. Lakini anayejiita mwajiriwa ana miaka 3 tu ya kufungua kesi. Anayedai kamisheni yake kama wakala, kwa mkataba wa kawaida, ana 6.