Chelelemuk: Kilima Kilichohifadhi Mbegu

Malaba, mji wa kaunti ya Busia ulio mpakani mwa Kenya na Uganda, watu huijua kwa foleni ya malori na wabadilishaji pesa. Lakini mpaka wenyewe ni wa juzi: hadi 1902 eneo hili lote lilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Historia iliyo kongwe zaidi iko vilimani.

Busia ni nchi ya miinuko ya taratibu. Inaanzia mita 1,130 hivi ufukweni mwa Ziwa Victoria, na inapofikia kimo chake cha juu, yapata mita 1,500, inafanya hivyo mahali pawili: vilima vya Samia upande wa kusini, vinavyosifika kwa wahunzi wake wa zamani, na vilima vya Chelelemuk kaskazini, kwa Wateso.

Huko Chelelemuk ndiko kuna Kakapel, mwamba mkubwa uliojitokeza na kufanya kivuli kama baraza. Ukutani kuna michoro iliyochorwa juu ya mingine. Wataalamu wanadhani ya kwanza, ile ya duara ndani ya duara, ni ya wawindaji wa kale. Juu yake wafugaji wakachora ng'ombe. Na ya mwisho huenda ni ya mababu wa Wateso. Mahali hapa palitangazwa kuwa turathi ya taifa mwaka 2004.

Michoro hiyo ndiyo inayovutia wageni. Mimi kilichonishika zaidi ni udongo ulio chini yake. Emmanuel Ndiema wa Makavazi ya Taifa ya Kenya, pamoja na Steven Goldstein na Natalie Mueller kutoka Marekani, waliuchimba na kuutia majini. Udongo ukazama, mbegu zilizoungua zikaelea. Mbegu mbichi huoza, lakini iliyoungulia jikoni hudumu, na mpishi aliyeiacha motoni bila kukusudia ametuachia ushahidi.

Matokeo yao, yaliyochapishwa 2024, yanastahili kujulikana na kila mtoto wa shule hapa Busia. Kunde moja ilipatikana kuwa na umri wa miaka 2,300 hivi, miongoni mwa dalili za kale kabisa za kilimo Afrika Mashariki. Kunde asili yake ni Afrika Magharibi. Mtama ulifika kutoka kaskazini-mashariki, na wimbi ulikuwa umeshaota mizizi hapa angalau miaka 1,000 iliyopita. Ikapatikana hata njegere moja, imeungua lakini nzima kabisa, na njegere si mmea wa asili ya huku. Yaani watu wa vilima hivi walikuwa wakipokea mbegu za mbali, wakizijaribu shambani na kubakiza zilizokubali udongo wao.

Zilizokubali hazijaondoka. Kunde bado ni mboga ya kila nyumba, na kwa Wateso wimbi ndio uji wa watoto na ndio ajon, pombe ambayo wazee hukizunguka chungu kimoja na kuivuta kwa mirija mirefu.