Marudio ya tafiti za saikolojia

Utafiti wa saikolojia huhesabiwa kuwa umethibitika pale watafiti wengine wanapoufanya upya, kwa njia ileile na kwa watu wengine, wakapata jibu lilelile. Mara nyingi hawalipati. Mwaka 2015 kundi lililoongozwa na Brian Nosek wa Marekani lilitangaza marudio ya tafiti 100 zilizochapishwa mwaka 2008 katika majarida matatu yenye heshima. Asilimia 97 ya tafiti za awali zilikuwa na matokeo yenye uzito wa kitakwimu. Katika marudio ilikuwa asilimia 36 tu.

Kisa maarufu ni cha mwanasaikolojia Roy Baumeister. Mwaka 1998 yeye na wenzake waliwaketisha wanafunzi wenye njaa mbele ya biskuti za chokoleti zilizotoka kuokwa. Baadhi wakaruhusiwa kula biskuti, wengine figili peke yake. Walipopewa mafumbo yasiyo na jibu, waliokula figili waliacha baada ya dakika 8 hivi, waliokula biskuti wakavumilia karibu 19. Ikahitimishwa kwamba nguvu ya kujizuia huisha ikitumika. Washiriki wote walikuwa 67, lakini nadharia ikaenea vitabuni na darasani. Mwaka 2016 maabara 23 ziliipima kwa zoezi lingine, kwa watu zaidi ya 2,000, na athari ikakaribia sifuri. Baumeister alilikataa zoezi lililotumika.

Wapo waliobuni takwimu, kama Diederik Stapel wa Uholanzi aliyefichuliwa mwaka 2011, lakini chanzo kikubwa si uongo. Sampuli ndogo huyumbishwa na bahati. Mtafiti mwaminifu naye huweza kuongeza washiriki, kuacha kipimo kimoja au kubadili hesabu mpaka tofauti ijitokeze. Watafiti Joseph Simmons, Leif Nelson na Uri Simonsohn walitumia mbinu hizo mwaka 2011 “kuthibitisha” kwamba kusikiliza wimbo wa Beatles kunapunguza umri wa mtu! Majarida nayo hupenda matokeo chanya, na vyeo vyuoni hufuata machapisho. Tafiti zisizoonyesha kitu hubaki kabatini.

Tangu mwaka 2013 jarida la Cortex limekuwa likipokea mpango wa utafiti na kuukubali kabla data haijakusanywa. Ndiyo tiba iliyo bora kuliko zote, kwa sababu mtafiti hana tena faida ya kuzilazimisha takwimu.