Mzunguko wa Damu: Ulio Wazi na Ulio Funge

Istilahi ya mzunguko wa damu imetokana na kitenzi zunguka, nacho kitenzi hicho hudai kwamba kiendacho sharti kirejee kilikotoka. Ibn al-Nafis, tabibu aliyefariki Kairo mwaka 1288, alieleza jinsi damu ipitavyo mapafuni kutoka upande wa kulia wa moyo kwenda upande wa kushoto. Ama hoja ya kwamba damu ya mwili mzima hurejea moyoni, hiyo iliwekwa bayana na William Harvey katika kitabu chake cha mwaka 1628, na vijishipa viunganishavyo ateri na veni, yaani kapilari, vikaonekana mwaka 1661 katika mapafu ya chura, chini ya hadubini ya Marcello Malpighi.

Panzi hana kapilari wala veni. Moyo wake ni mrija uliolala mgongoni, nao huisukuma damu kuelekea kichwani, ambako humwagika katika uwazi wa mwili, ikaviosha viungo bila mshipa wa kuichunga, hata ikaingia tena moyoni kwa vitundu vya ubavuni. Maadamu damu hiyo hurejea, jina la mzunguko lamstahiki panzi pia, ila kwa sifa ya wazi. Wala sifa hiyo si aibu kwake, kwani oksijeni huvifikia viungo na misuli yake kwa vijibomba vya hewa, pasipo kuitegemea damu.

Kinyume chake ni mzunguko funge, ambao damu yake haitoki mishipani. Wataalamu wamefanya vyema kusema funge badala ya uliofungwa, maana hili la pili lingemfanya msikilizaji adhani kuwa mshipa umeziba. Nyungunyungu anao mzunguko huo, na pweza vilevile, ijapokuwa nduguye konokono, wa jamii hiyo hiyo ya moluska, ana mzunguko wazi. Kwani pweza ni mwindaji mwepesi, naye amejaaliwa mioyo mitatu, miwili ya kupeleka damu matamvuani na mmoja wa kuieneza mwilini.

Hata hivyo, sifa ya funge haimalizi maelezo. Samaki, mwenye moyo wa vyumba viwili, damu yake hupita moyoni mara moja tu katika kila duru, na msukumo wake hupungua ikipita matamvuani kabla ya kuufikia mwili. Chura ana vyumba vitatu: damu itokayo mapafuni na itokayo mwilini huingia kila moja katika chumba chake, kisha zote mbili hukutana katika chumba cha tatu, yaani ventrikali. Ndege na wanyama wanyonyeshao wana vyumba vinne, damu ikipita moyoni mara mbili na kupewa msukumo mpya baada ya mapafu; huo ndio mzunguko maradufu. Kwa hiyo mwanafunzi asemaye kwamba mzunguko wa samaki na wa kunguru ni funge amesema kweli, lakini hajawatofautisha bado, mpaka aongeze kuwa wa kwanza ni mmoja na wa pili ni maradufu.