Kiswahili cha Naguru na Vitabu vya Makerere

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Kampala kwa barabara ya Jinja, akishaupita uwanja wa Lugogo, hukiona kilima cha Naguru upande wake wa kushoto. Katika miaka iliyofuata Vita Kuu ya Pili, serikali ya kikoloni ilijenga hapo, na katika eneo jirani la Nakawa, mitaa miwili ya nyumba za kupanga kwa ajili ya wafanyakazi wa Kiafrika. Nakawa ilikuwa ya watu wa mishahara midogo. Naguru ilikuwa ya wale wenye afueni kidogo, wakiwemo makarani na mafundi wenye familia zao. Wajaluo na Waluhya waliotoka Kenya kufuata kazi walikuwa wengi sana huko, na walikaa ukuta kwa ukuta na watu wa kila pembe ya Uganda. Jirani alipotaka kumwamkia jirani asiyejua lugha ya kwao, mara nyingi alitumia Kiswahili.

Mambo haya hatuyajui kwa kusikia tu. Mwanaanthropolojia Mwingereza, David Parkin, alifanya utafiti katika mitaa hiyo kati ya 1962 na 1964, yaani wakati ule ule Uganda ilipojipatia uhuru wake, na mwaka 1969 kikatoka kitabu chake, *Neighbours and Nationals in an African City Ward*. Humo mnaelezwa habari za ujirani, vyama vya makabila, cheo na heshima, na jinsi mgeni kutoka Kenya alivyoanza kujiona mgeni zaidi baada ya bendera kubadilishwa. Miaka mitatu baadaye, mtaalamu wa lugha Carol Scotton alitoa kitabu chake juu ya lugha za mawasiliano mjini Kampala, akaonyesha jinsi wafanyakazi wa makabila mbalimbali walivyokitegemea Kiswahili. Kwa hiyo Kiswahili cha Kampala kimeandikwa vitabuni, tena na wataalamu. Lakini vitabu hivyo viliandikwa kwa Kiingereza. Mtu wa Naguru aliyekuwa akikisema Kiswahili kila siku penye bomba la maji na katika gari la kwenda kazini, yeye mwenyewe alikuwa na kitabu gani cha kusoma kwa lugha hiyo?

Nauliza swali hili kwa sababu walimu wenzetu wanaofundisha Uganda huleta lalamiko moja ambalo limekwisha kuwa kama wimbo: kwamba wanafunzi, na hata wazazi, hukidharau Kiswahili, wakikiita lugha ya askari na wezi. Sababu inayotolewa kwa kawaida ni kwamba raia walikisikia kikitoka vinywani mwa wenye bunduki. Sababu hiyo ni ya kweli, wala siibishi. Lakini naona ni nusu tu ya maelezo. Lugha iliyosikika tu, isionekane kamwe katika ukurasa, hupewa hadhi ya mtu aliyeisema mwisho. Na aliyeisema mwisho, kwa bahati mbaya, alikuwa askari.

Ajabu ni kwamba vitabu vyenyewe havikuwa mbali. Mwaka 1952 mambo mawili yalitokea kwa pamoja, na sijui kama historia ya lugha yetu ina kinaya kikubwa kuliko hicho. Katika mwaka huo Kiswahili kiliacha kutambuliwa miongoni mwa lugha za shule za Uganda, isipokuwa katika shule za polisi na watoto wao. Na katika mwaka huo huo Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki, ile iliyoanzishwa mwaka 1930 ili kusanifisha lugha, ilihamisha ofisi zake kutoka Nairobi na kuziweka katika Chuo cha Makerere, mjini Kampala. Ikakaa hapo miaka 10, hadi 1962, ilipohamia Mombasa na kisha Dar es Salaam, ambako mwaka 1964 iligeuka kuwa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili. Hivyo basi, kwa muda wa miaka 10 kichwa cha usanifu wa Kiswahili kilikuwa katika kilima kimoja cha Kampala, na vinywa vya Kiswahili vilikuwa katika kilima kingine, na shule, ambayo ndiyo shingo, ilikuwa imekatwa.

Tutazame kazi zilizotoka wakati Kamati ikiwa Makerere, maana hapo ndipo penye utamu. Mwaka 1957, kama nyongeza ya jarida la Kamati, ulitolewa Utenzi wa Vita vya Maji Maji wa Abdul Karim bin Jamaliddini wa Lindi, pamoja na tafsiri ya Wilfred Whiteley: vita vya 1905 vikisimuliwa kwa mizani na vina na mtu wa zama zile zile. Haikupita miaka miwili yakatoka Maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, yaani Tippu Tip. Huyu, kama tujuavyo, alikuwa mfanyabiashara mkubwa wa pembe na watumwa, mzaliwa wa Unguja, aliyefariki mwaka 1905. Naye aliandika habari zake kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu kwa kuombwa na Mjerumani Heinrich Brode. Mwanafunzi akikisoma kitabu hicho hukutana na mtu asiyeona haya hata kidogo kwa aliyoyatenda, na nadhani hakuna somo la historia lenye kuchoma zaidi ya kumsikia mwenye kosa akijisimulia kwa lugha ya msomaji mwenyewe. Katika miaka hiyo hiyo ulitolewa pia utafiti wa lahaja na mashairi ya Pemba. Vita, biashara, ushairi, isimu: mambo yasiyokaribiana, yote yakipita katika ofisi moja ndogo ya Makerere.

Wala haikuwa mara ya kwanza kwa Kampala kuwa mlango wa kitabu cha Kiswahili. Kabaka Muteesa wa Kwanza alikijua Kiswahili kutokana na wafanyabiashara wa pwani. Stanley alipofika kwake mwaka 1875, alimwachia kijana Dallington Maftaa, aliyesomeshwa na Misheni ya Vyuo Vikuu huko Unguja, ili amsomee Biblia. Alexander Mackay naye, aliyefika mwaka 1878, alianza kuwasomesha Waganda kwa Injili za Kiswahili kabla ya kuwapo maandiko ya Kiganda. Waganda wale wa kwanza walioingia dini waliitwa *abasomi*, yaani wasomaji. Kwao kusoma na kuamini vilikuwa kitu kimoja. Hata leo Mganda akitaka kukitaja kitabu husema *ekitabo*, na mwalimu wa Kiswahili ana haki ya kutabasamu kidogo asikiapo neno hilo. Katika Buganda, basi, Kiswahili kilitangulia kuingia kama lugha ya kurasa kabla ya kuwa lugha ya gwaride.

Tusiisahau Halmashauri ya Maandishi ya Afrika Mashariki. Hii iliundwa mwaka 1948, baada ya ripoti ya Elspeth Huxley, chini ya mkurugenzi Charles Richards. Makao yake yalikuwa Nairobi, na chapa yake ya Eagle Press ilitolewa Kampala pia. Ilichapisha vijitabu vya bei nafuu kwa lugha nyingi, na mambo yake yalitofautiana mno. Mwaka 1953 ilitoa hadithi ya Okot p'Bitek kwa Kiacholi, *Lak Tar*. Mwaka 1954 ilitoa kitabu cha Mathias Mnyampala juu ya historia, mila na desturi za Wagogo. Mwaka 1958 zikaja methali za S.S. Farsi. Mwaka 1960 akaja Bwana Msa, mpelelezi wa Muhammed Said Abdulla, katika *Mzimu wa Watu wa Kale*, hadithi iliyokuwa imeshinda mashindano ya Halmashauri hiyo. Na mwaka 1962 zikatoka *Habari za Wakilindi* za Abdallah bin Hemedi, zikihaririwa na J.W.T. Allen: masimulizi ya watawala wa Usambara ambayo kwa ufundi wa kusimulia, kwa maoni yangu, hayana mpinzani katika nathari yetu ya zamani. Mtu aliyeingia dukani kutafuta methali angeweza kutoka na upelelezi mkononi. Ndivyo usomaji unavyokua: kitabu unachokitafuta hukupeleka penye rafu, na kitabu usichokitafuta ndicho kinachokurudisha siku ya pili.

Lakini kwa mtoto aliyekulia Naguru, rafu hiyo haikuwa na mlango. Shuleni alisomeshwa Kiingereza na Kiganda au lugha nyingine ya Uganda; Kiswahili alikiokota uani. Aliweza kuelewana nacho na Mjaluo, Mteso na Mnubi, asiweze kusoma nacho barua.

Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa. Tangazo hilo lingeweza kuwa baraka. Hata hivyo, mwaka mmoja kabla yake Waasia walikuwa wamefukuzwa nchini, biashara ikaanguka, na fedha za kigeni za kuagizia vitabu zikawa haba. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, nayo Halmashauri ya Maandishi ikagawanyika pamoja nayo. Kiswahili kikabaki na amri bila ya maktaba. Kuna walimu wanaoamini kwamba serikali ikishatamka, lugha imesimama. Tangazo la 1973 lapaswa kuwatosha.

Matamko yameendelea tangu hapo. Mwaka 2005 katiba ya Uganda ilirekebishwa na Kiswahili kikawa lugha rasmi ya pili. Mtaala mpya wa sekondari ya chini, ulioanza mwaka 2020, umekifanya kuwa somo la lazima katika madarasa mawili ya mwanzo. Na Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliagiza kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Haya ni mema. Hofu yangu ni moja tu, kwamba mwanafunzi atapewa kitabu kimoja, kile cha ngeli na mazoezi, naye ataamini kwamba vitabu vya Kiswahili ni vitabu vya kujifunzia Kiswahili, wala havina jambo jingine ndani yake. Kwa mtoto kama huyo lugha itakuwa imehama kutoka kwa askari kwenda kwa mtahini, na sioni kama amepata faida kubwa katika safari hiyo. Heri mwalimu mwenye sanduku la vitabu 12 visivyofanana, apate mtoto wa kandanda kitu chake na mtoto wa mambo ya kale kitu chake, kuliko mwenye nakala 40 za kitabu kimoja.

Nyumba za Naguru na Nakawa zilivunjwa Julai 2011 ili kupisha ujenzi mpya, na wapangaji wakatawanyika. Kilima sasa kina makao makuu ya polisi, hospitali iliyojengwa kwa urafiki wa Uganda na China, na majumba ya wenye uwezo. Kitabu cha Parkin bado kipo. Mwalimu mwenzetu aliye karibu na hapo angeweza kuchagua ukurasa mmoja unaoeleza maisha ya mitaa ile, akawapa wanafunzi wake wa kidato cha pili waufasiri kwa Kiswahili, kisha akamwalika darasani mzee mmoja aliyewahi kupanga huko, asomewe, na aseme wapi Mwingereza yule alipatia na wapi alikosea.